Kwadi inazima injini ikipata joto, plagi haitoi cheche. Plagi, koili na CDI vyote vimeshabadilishwa

Bi_Mwani

Asalaam alaykum wakuu wa vyombo.

Nipo Jambiani, kusini Unguja. Kikundi chetu cha wakulima wa mwani kina kwadi moja ya Kichina, yaani pikipiki ya magurudumu manne, injini 150 ya silinda moja, ile inayopozwa kwa feni na kutumia mkanda badala ya gia. Mafundi wanaiita GY6. Tuliinunua mkononi kwa mtu aliyekuwa akikodisha watalii. Sisi hatutembezi mtu. Kazi yake ni kupandisha viroba vya mwani mbichi kutoka ufukweni hadi kwenye chanja, maana kiroba kilicholowa si mzigo wa kubeba kichwani kutwa nzima.

Tatizo lenyewe ni hili. Asubuhi inawaka vizuri, ukigusa stata tu imekubali. Inafanya kazi kama nusu saa, halafu inazima ghafla kama mtu kageuza ufunguo. Haikohoi, wala haianzi kupungua nguvu kwanza. Stata inazungusha injini sawasawa lakini haiwaki ng'o. Tukiiacha kivulini mpaka injini ipoe, inawaka tena. Siku za jua kali inazima mapema zaidi.

Fundi wa kwanza alisema plagi, tukabadili. Wa pili akasema koili, tukanunua. Juzi tumetia CDI mpya kutoka mjini, kile kisanduku cha umeme kinachoendesha cheche. Kila mara kinatoka kwa fundi kinaunguruma, kinafika ufukweni, kinazima. Bamvua inakaribia, na bamvua ndipo maji yanapotoka mbali na sisi tunavuna. Naomba wenye ujuzi watuambie tuanzie wapi, kwa sababu mfuko wa kikundi hauwezi tena kununua kifaa cha kubahatisha. Mdogo wangu ana mita ya umeme na anajua kuitumia.

Chapchap_Mjini

Pole Bi. CDI za siku hizi nyingi feki. Tafuta nyingine ya bei ya juu kidogo, hapo utakuwa umemaliza.

Sumaku

Wa alaykum salaam Bi Mwani. Mie fundi umeme wa vyombo, nipo Mwanakwerekwe.

Chapchap, samahani sheikh wangu, lakini nakuomba tusimnunulishe CDI nyingine. Kashanunua vitu vitatu na hakuna hata kimoja kilichopimwa wakati chombo kimezima. Shida ipo hapo. Ugonjwa huu unakuja na joto na unaondoka na joto. Chombo kinapofika kwa fundi kimeshapoa, kila kitu kinasoma sawa, basi fundi anatoa kifaa kizima anatia kifaa kizima, injini inawaka, kila mtu anafurahi. Chombo cha namna hii kinapimwa palepale kilipozimia, ndani ya zile dakika chache kabla hakijapoa.

Kwa hiyo, Bi, cha kwanza kabisa: tuna hakika kwamba cheche haipo? Kukosa kuwaka peke yake si ushahidi. Chukua ile plagi ya zamani, mdogo wako aiweke mfukoni. Chombo kikizima, achomoe kepu kwenye plagi ya injini, achomeke plagi ya mfukoni kwenye hiyo kepu, kisha chuma chake akilaze kwenye silinda hedi kigusane vizuri. Plagi ya injini iachwe mahali pake ili mvuke wa petroli usitoke. Halafu mtu mwingine abonyeze stata. Kepu ishikwe kwa kitambaa kikavu, na mkono usiwe na maji ya bahari. Umeme unaotoka pale unafika volti 20,000 na zaidi. Jambo jingine: msizungushe stata huku kepu ikining'inia bila plagi. Umeme ukikosa pa kutokea hutafuta njia ndani ya koili au CDI, na mnaweza kuua kifaa kizima.

Kama cheche ipo na chombo hakiwaki, basi si umeme. Hapo fungua mfuniko wa tangi usikilize kama unavuta hewa, kwani kitundu cha mfuniko kikiziba petroli hugoma kushuka. Au mwanya wa valvu umebana, zikipata joto hazifungi, kompresheni inapotea. Lakini kwa ulivyoeleza, kuzima ghafla bila kukohoa, moyo wangu uko kwenye umeme.

Nataka pia kujua CDI yenu ina pini ngapi na rangi za nyaya zake. Ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini haizunguki, mdogo wako apime kama kuna volti 12 kwenye pini yoyote ya CDI. Jibu la hapo litatuambia kama CDI inalishwa na betri au na sumaku.

MzeeVespa

Naunga mkono, kila neno. Zamani kwenye vespa za platini, zile za kabla ya CDI, kondensa ikichoka ilikuwa na tabia hiyohiyo: baridi inawaka, ikichemka inagoma. Watu walikuwa wakibadili plagi mpaka duka linaisha.

Nina nyongeza moja kuhusu kuangalia cheche. Plagi ikiwa nje ya injini hurusha cheche kirahisi, kwa sababu hakuna mgandamizo. Cheche dhaifu inayoonekana nje inaweza kushindwa ndani. Vitabu vya Yamaha vinataka cheche iruke angalau milimita 6 hewani. Plagi ya kawaida ina mwanya wa 0.6 hadi 0.7 tu, kwa hiyo ukiona inaruka pale usiseme umeme umekamilika. Cheche nzuri ni ya bluu na unaisikia inapiga hata mchana. Nyekundu nyembamba, ifuatilie.

Bi_Mwani

Ahsanteni sana. Tumefanya leo ufukweni.

Kilipozima, mdogo wangu alijaribu kwa plagi ya mfukoni huku nimemkinga jua kwa kanga ili aone vizuri. Hakuna cheche hata kidogo. Tulifungua mfuniko wa tangi, haukuvuta hewa. Kilipopoa tukajaribu tena kwa plagi ileile, cheche ya bluu, tena inasikika.

CDI ina pini sita kwenye soketi mbili, moja ya pini nne na nyingine ya pini mbili. Rangi: mweusi wenye mstari mwekundu, bluu wenye mstari mweupe, mweusi wenye mstari mweupe, mweusi wenye mstari wa njano, na kijani mbili. Ufunguo ukiwa wazi hakuna volti 12 kwenye pini yoyote.

Sumaku

Hapo sasa tuna kazi ya kufanya, na ni kazi ya mita. Acha nieleze njia ya umeme kidogo ili mjue kila kipimo kinauliza nini.

CDI yenu haitegemei betri. Betri inazungusha stata, haihusiki na cheche. Pale upande wa kulia wa injini, nyuma ya feni, kuna sumaku inayozunguka, na ndani yake zipo koili za statori, sehemu isiyozunguka. Moja kati ya hizo, aghlabu iliyozungushiwa utepe, kazi yake ni kuilisha CDI kwa waya mweusi-mwekundu. Umeme huo unajaza kapasita iliyomo ndani ya CDI mpaka volti mia kadhaa. Nje ya sumaku kuna kikoili kidogo, pikapu. Nundu ya chuma iliyo mgongoni mwa sumaku ikipita mbele yake, pikapu inapeleka ishara ndogo kwa waya wa bluu-mweupe. Ishara ile ndiyo amri: kapasita inamwaga umeme wake wote kwa mpigo mmoja kwenye koili kupitia mweusi-njano, koili inaukuza, plagi inarusha. Kijani ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha chombo. Mweusi-mweupe ni waya wa kuzimia, na kwa aina hii unazima kwa kuguswa athi. Ndiyo maana ufunguo mbovu, switchi ya mkono wa kushoto, kamba ya usalama ya nyuma au kile kisanduku cha rimoti, chochote kati ya hivyo kikivuja kwenda athi, cheche inakufa hata kama vyote vingine vizima.

Basi tuanze na huo, maana ni rahisi na ni bure. Ichomoe ile pini moja tu ya mweusi-mweupe kutoka kwenye soketi ya CDI kwa sindano nene, kisha mwendeshe kama kawaida. Muwe na hadhari: ufunguo hautazima tena injini. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, chukueni kipande cha waya kutoka kwenye pini ile ya CDI, mkitaka kuzima kiguseni kwenye chuma cha fremu. Fanyeni hivyo kwenye uwanja wazi, si barabarani, na asipande mtoto. Ikiwa haizimi tena kwa joto, mwizi yuko kwenye switchi. Ikizima vilevile, switchi haina kesi, rudisheni pini mahali pake.

Ikizima, mita iwe tayari mkononi. Chomoeni soketi za CDI na mpime upande wa nyaya zinazotoka kwenye injini, ufunguo umefungwa. Mweusi-mwekundu kwenda athi: kwa injini hizi huwa omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) mia kadhaa, mara nyingi kati ya 200 na 600. Bluu-mweupe kwenda athi: mara nyingi kati ya 100 na 160. Koili ya plagi, upande mdogo, haifiki hata omu 1 au inaikaribia tu. Upande mkubwa bila kepu ni elfu 3 hadi 6, na kepu ya kuzuia kelele za redio ina 5,000 zake peke yake.

Vipimo hivi mvichukue asubuhi chombo kikiwa baridi, mviandike, halafu mrudie palepale kikizima. Namba moja pekee haitatuambia kitu. Tunatafuta tofauti. Shaba ikipata joto omu zake zinapanda, kiasi cha asilimia 0.4 kwa kila digrii moja. Koili iliyosoma 120 asubuhi ikasoma 140 na kitu ikiwa imechemka ni nzima kabisa, msishtuke. Tunayemtafuta ni anayeruka au anayepotea.

Mkipata nafasi, pimeni pia volti za kubadilika huku stata inazungusha. Mweusi-mwekundu unatakiwa kupanda makumi ya volti. Bluu-mweupe ni kitu kidogo tu, sehemu ya volti moja, kwa hiyo tumieni kipimo cha chini.

Kaskazi_Nungwi

Huu uzi mzuri. Mie natengeneza kwadi za kutembeza wageni huku kaskazini, na kwetu namba moja ni waya wa plagi. Kabla ya kufungua injini, Bi, mwambie mdogo wako aizungushe ile kepu kinyume cha saa, inatoka kama skurubu. Aangalie ncha ya waya. Nyuzi za shaba zikiwa na unga wa kijani, kata kama sentimita moja mpaka uone shaba inang'aa, halafu urudishe kepu. Nimeona vyombo vikipelekwa kwa fundi wa injini kwa ajili ya kisentimita hicho.

MzeeVespa

Kweli, ila unga wa kijani haujui asubuhi wala mchana. Chombo chake kingesumbua hata baridi, hasa baridi, unyevu wa alfajiri unapoingia. Bado naiona dalili ya kitu kinachokatika kwa joto.

Kaskazi_Nungwi

Nakubali mzee wangu. Lakini akate tu, ni bure.

Bi_Mwani

Wakuu, majibu haya hapa.

Waya wa plagi ulikuwa na kijani kweli, tumeukata. Haikuponya.

Tulichomoa mweusi-mweupe tukazunguka nao kiwanjani, kimezima vilevile. Tumeirudisha pini.

Asubuhi baridi: mweusi-mwekundu 430, bluu-mweupe 121. Koili upande mdogo 0.5, upande mkubwa bila kepu elfu 4 na kidogo.

Kilipozima: mweusi-mwekundu 503. Koili karibu na vilevile. Bluu-mweupe mita haikusoma chochote, kama haijaguswa kitu. Mdogo wangu alidhani hajashika vizuri, akarudia na kurudia, hamna. Tukakaa naye pale tukiiangalia mita. Muda ulivyokwenda ikaanza kuruka ruka, mara ipo mara haipo, kisha ikatulia kwenye 137. Hapo tukabonyeza stata, ikawaka.

Sijui niseme nini. Pesa yote ile tuliyotoa, na kitu kimejionesha kwa mita ya mtu wa kijijini. Ni pikapu, siyo?

Sumaku

Mashaallah, hongereni. Vipimo hivyo vimepigwa vizuri kuliko ninavyoletewa na baadhi ya mafundi. Angalia mweusi-mwekundu: 430 kwenda 503, inapanda kama shaba inavyotakiwa kupanda. Yule ni mzima. Bluu-mweupe imekatika katikati ya safari.

Ila msinunue bado, nakuombeni. Mmepima kwenye soketi ya CDI. Kutoka pale mpaka pikapu kuna waya mrefu unaopita juu ya injini yenye joto, na kuna soketi ya kati karibu na injini. Kimojawapo kikikatika mita itasema hivyohivyo. Ifuateni hiyo soketi ya karibu na injini, muisafishe, kikizima tena mpime pale, upande wa injini. Mkiona 130 pale na huku CDI hamna kitu, ugonjwa upo kwenye waya, na waya ni shilingi chache. Hata pale pakikosekana, pikapu ndiyo.

Bi_Mwani

Tumepima upande wa injini. Hamna kitu pia. Soketi yenyewe ilikuwa na chumvi nyeupe ndani, tumeisafisha kwa mswaki, pini zote zinang'aa sasa, na bado pikapu inapotea kwa joto.

Mdogo wangu amefungua feni na sumaku kwa pula (kifaa cha kuvutia sumaku) ya kuazima Paje, ametoa statori nzima na pikapu yake. Jioni tulimpelekea dada yetu mwenye saluni. Tukaiweka pikapu mezani, mita imeshika nyaya zake mbili, tukaipulizia kwa kikaushia nywele. Ilianza 119, ikapanda pole pole, 125, 131, 136, halafu ghafla hakuna. Tukazima kikaushio tukangoja, ikarudi. Tumerudia mbele ya wanakikundi wote ili kila mmoja aone pesa inakwenda kununua nini safari hii. Hata waliokuwa wamesema tuiuze wameondoka wameridhika.

Sumaku

Ushahidi mkubwa kuliko huo haupo. Ndani ya kile kikoili kuna waya mwembamba mno, na penye ufa au penye maungio yaliyolika, joto likiutanua unaachana, ukipoa unagusana. Chumvi ndiyo iliyoanza. Statori yenu haikai kwenye mafuta, inakaa kavu nyuma ya feni, na feni inavuta hewa ya ufukweni pamoja na mchanga wake. Tena kwenye hizi kwadi injini iko nyuma, chini ya keria. Viroba vya mwani vikiwekwa kwenye keria, maji ya bahari yanadondokea wapi?

Sasa kununua. Kwa injini hii pikapu mara nyingi huuzwa pamoja na statori. Hesabuni koili za statori yenu kabla ya kwenda dukani: kuna za 8 na kuna za 11, haziingiliani, na sumaku nazo zinatofautiana. Muwe na ya zamani mkononi, muilinganishe na mpya mezani: idadi ya koili, matundu ya skurubu, rangi za nyaya, na muhimu zaidi iwepo ile koili ya kulisha CDI. Zipo statori zinazofanana kabisa kwa macho lakini ni za CDI ya betri, hazina koili hiyo. Ukifunga ya namna hiyo cheche hutaiona. Pimeni palepale dukani kwa mita: mweusi-mwekundu mia kadhaa, bluu-mweupe mia na kitu. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Na kabla ya kufunga, ipelekeni mpya nayo saluni.

Wakati wa kufunga, tazameni kile kipande kidogo cha chuma kinachoshika sumaku kwenye shafti. Kikiwa kimekatika nusu, cheche itatoka lakini wakati usio wake, injini itapiga teke au kulipuka kwenye ekzosi. Kutu iliyo kwenye nundu ya sumaku ifuteni kwa msasa laini. Nyundo isiguse sumaku hata kwa utani, vipande vyake vya ndani huachia na vikizunguka vinakula statori mpya. Hakikisheni nundu na pikapu zimekaribiana bila kugusana.

Kaskazi_Nungwi

Na baada ya hapo mlinde chombo, kwa sababu ufukwe hautahama. Kata kipande cha mpira wa tairi au plastiki ngumu, kifunge chini ya keria kama pazia, maji ya viroba yamwagikie pembeni. Mkimaliza kazi, suuzeni kwa maji matamu ya kumimina, si ya presha, na msiyaelekeze kwenye mdomo wa feni. Maji ya presha yanasukuma chumvi ndani ya soketi. Chumvi iliyokauka ndani haijafa, inavuta unyevu wa hewani, usiku soketi inalowa yenyewe hata kama mvua haikunyesha. Mie kila soketi naifungua, naipuliza, inakaa juani, kisha natia grisi ya silikoni kidogo na kuifunga. Kepu ya plagi nayo ndani yake hivyohivyo. Grisi ya kawaida ya bearing usiweke, inakula mpira.

Bi_Mwani

Statori tumeipata mjini, tumeipima dukani, tumeipuliza saluni, haikupotea. Imefungwa. Bamvua yote imebeba viroba kuanzia maji yanapotoka mpaka yanaporudi na haijazima. Pazia la Kaskazi lipo, tumetumia mpira wa tairi la lori. Sumaku, Mzee, Kaskazi, Mungu awalipe. Wanawake wa kikundi wanawasalimu wote.

MtuWaWete

Asalaam alaykum. Hongera Bi Mwani. Nimeusoma uzi wote, naomba nami nisaidiwe humu humu. Nipo Wete, Pemba. Kwadi yangu injini 200 ya gia, ilikaa bandani masika yote. Sasa haitoi cheche. Ila nimegundua kitu: nikishikilia kitufe cha stata hakuna, nikikiachia tu, cheche moja inaruka. Ufunguo ukiwa wazi nina volti 12 na kitu kwenye waya mweusi wa CDI. Nimeambiwa CDI imekufa. Ni kweli?

Sumaku

Wa alaykum salaam sheikh wangu wa Wete. Volti 12 kwenye CDI maana yake yako ni ya betri, si kama ya Bi Mwani. Hiyo dalili ya kuachia kitufe ni nzuri sana. CDI iliyokufa haitoi cheche hata ukiiachia. Yako inakosa chakula wakati stata inakula. Pima waya huohuo mweusi wakati stata inazunguka, kisha upime betri yenyewe kichwa kwa kichwa wakati stata inazunguka. Niletee namba zote mbili.

MtuWaWete

Waya mweusi unashuka mpaka 7.6. Betri kichwa kwa kichwa inashuka mpaka 10.9 tu.

Sumaku

Basi betri si mbaya. Volti tatu na zaidi zinapotelea njiani. Acha betri, acha CDI. Weka mita kipimo cha volti, ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, zungusha stata. Inatakiwa isome kidogo mno, chini ya nusu volti. Ikisoma volti nzima au zaidi, kebo ya athi ndiyo inayokula. Halafu fanya vivyo hivyo upande chanya: kutoka kichwa chanya mpaka ule waya mweusi wa CDI, kupitia fyuzi na ufunguo.

MtuWaWete

Upande hasi unasoma 2.9. Upande chanya 0.4. Nimeifuata kebo nyeusi mpaka chini ya fremu. Boliti imejaa kijani na chini yake kuna rangi na kutu.

Sumaku

Umempata. Ondoa kwanza kebo ya betri. Fungua boliti hiyo, kwangua fremu mpaka chuma kitupu king'ae upana wa sarafu, kwangua na kichwa cha kebo pande zote mbili. Ukikuta nyuzi za kebo ndani ya kichwa nazo ni kijani, kukwangua hakusaidii, kata na ubane kichwa kipya. Funga kwa boliti safi na pete ya chuma (washa) yenye meno, kaza, ndipo upake grisi juu yake, si chini. Kisha rudia kipimo cha 2.9 stata ikizunguka. Kikishuka chini ya nusu volti na cheche ikakaa muda wote wa stata, funga kiti chako uende zako. Kikibaki juu, ipo athi ya pili kati ya fremu na injini, mara nyingi kwenye boliti ya stata. Ifungue na hiyo.